Usimfiche Jirani Kipimo cha Mkate

Bibi mkulima, jirani yako akionja mkate wako, akausifu, akakuuliza umeufanyaje, wewe humjibu nini? Wengi hujibu, "Nimetia unga, hamira na maji, basi." Jirani hurudi kwake, akatia unga, hamira na maji, akapata kitu kigumu kama tofali. Unga na sukari alivyonunua kwa pesa vimepotea, na watoto wamekwenda shule na chai tupu. Mimi naona huko si kufundishana. Ni kuharibiana mali.

Wako wanaosema ya kuwa mapishi yote yamo vitabuni. Vitabu ni vizuri, lakini vingi vimeandikwa na watu wa mahali pa chini. Shamba lako la Kinangop, katika nchi iliyogawiwa wakulima kwa ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, liko juu, kiasi cha mita 2,500 kutoka baharini. Huko hewa ni nyepesi. Maji ya Mombasa huchemka kwa digrii 100, na yako huchemka yapata digrii 92; ndiyo sababu maharagwe yako hukawia kuiva hata ukiongeza kuni. Keki nayo huumuka upesi mno, kisha hudidimia katikati, na mpishi hudhani mayai yalikuwa mabovu. Punguza poda ya kuumulia kwa kiasi cha robo, uongeze unga kidogo. Jambo hili jirani yako wa miaka mingi alikwisha lijua kwa kuharibu keki zake mwenyewe, nawe huna haja ya kuharibu zako.

Mkate wa hamira una shida nyingine, nayo ni baridi. Kitabu kikisema saa moja, asubuhi ya Kinangop huenda ikawa saa mbili na nusu. Weka bakuli karibu na meko, ulifunike kwa kitambaa, utazame unga wenyewe, usitazame saa. Ukiwa umekuwa mara mbili ya ulivyokuwa, uko tayari.

Sasa nami nisije nikaficha. Viazi vinapokosa bei nzuri sokoni, fanya mkate wa viazi. Chukua vikombe vinne vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha viazi vilivyochemshwa na kupondwa vizuri, vijiko viwili vidogo vya hamira kavu, kijiko kimoja kidogo cha chumvi, na kijiko kikubwa kimoja cha sukari na kimoja cha mafuta. Ukande kwa maji yale yale yaliyochemshia viazi, yakiwa vuguvugu, ukiyatia kidogo kidogo, kwa maana viazi vyenyewe vina maji. Maji ya moto sana huua hamira. Kanda kwa dakika kumi, wala usichoke mapema. Uache uumuke, uukande tena kidogo, uuweke katika sufuria iliyopakwa mafuta, uumuke mara ya pili.

Sufuria hiyo iingize ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, ufunike kwa kifuniko cha bati. Hapa ndipo wengi hukosea: makaa mengi yawe juu ya kifuniko, na machache chini. Baada ya dakika 45 hivi utoe mkate, uugonge chini kwa kidole. Ukilia kama kitu kitupu, umeiva. Mkate huu hukaa laini hata kesho yake, na umekula unga mchache.

Lakini usiokee makaa ndani ya nyumba iliyofungwa kwa sababu ya baridi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu waliolala. Oka nje, au jikoni mlango na dirisha vikiwa wazi, na jiko lisiingizwe chumba cha kulala hata kama makaa yanaonekana yamekwisha.

Na wewe bwana, usidhani maneno haya hayakuhusu. Maziwa yote ukiyapeleka kuuzwa na mayai yote yakienda sokoni, kisha jioni ukarudi na mkate wa dukani, umefanya biashara gani? Usimlaumu mkeo kwa mkate mkavu ikiwa hukumwachia hata kikombe kimoja cha maziwa ya kukandia.

Kina mama wakikutana kanisani au katika kikundi chao, kila mmoja na alete njia yake moja, pamoja na vipimo vyake vyote. Nangoja hasa kusikia ya wale wanaochanganya unga wa mahindi na wa ngano na mkate usivunjike. Ila atakayesema "vikombe vitatu" na aje na kikombe chenyewe mkononi, kwa kuwa cha bati na cha udongo si kimoja.