Mbwa naye ana haki: Tumfundishe kwa upole, tusimtese

Shukrani zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa kila kitambaacho na kirukacho. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.



Leo tumekusudia kulizungumza jambo ambalo aghalabu halipandi mimbarini, nalo ni namna tunavyomtendea mbwa. Tunajua wapo watakaoguna kwa kuuona ukurasa wa Ijumaa ukishughulika na mbwa. Hata hivyo tunaomba tusikilizwe hadi mwisho, maana jambo hili lina hesabu mbele ya Mola wetu, na lina roho za watoto ndani yake.

Tazameni hali ilivyo katika mitaa yetu. Muislamu mwenye duka, shamba au nyumba yenye uzio hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Mbwa huyo hufungwa mnyororo mfupi tangu alfajiri hadi usiku, juani, na chombo cha maji kimekauka. Hutupiwa makombo mara moja kwa siku, na hupigwa rungu na mateke kwa hoja kwamba bila ya hivyo hatakuwa mkali. Huko njiani, watoto waliotoka chuoni na juzuu zao kwapani humfuata mbwa koko kwa mawe, na watu wazima waliokaa barazani hucheka. Ukiuliza, jibu ni moja: "Si mbwa tu? Tena najisi!"

Neno hilo ndilo tunalotaka kulipima leo kwa mizani ya sharia.

Ni kweli kwamba sisi wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ndio wengi katika mwambao huu, tunamhesabu mbwa kuwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kama ilivyothibiti katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim. Wanazuoni wa madhehebu ya Maliki wao wameona kuwa mbwa aliye hai ni tohara, na kwamba kuosha chombo ni ibada tuliyoamrishwa. Hatukusudii kuufufua mjadala huo hapa. Tunachosema ni kwamba unajisi ni hukumu ya tohara: unatueleza nini kioshwe na kioshwe vipi. Damu nayo ni najisi, lakini hajapatikana mwanachuoni aliyesema majeruhi anayevuja damu apigwe. Vipi basi hukumu ya kuosha chombo igeuzwe kuwa ruhusa ya kuvunja mguu wa kiumbe cha Mwenyezi Mungu?

Tuirejee Qur'ani Tukufu. Katika Suratul Kahf, aya ya 18, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawaeleza vijana wa pangoni, na pamoja nao anamtaja mbwa wao aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Katika aya ya 22, kila idadi ya vijana hao inapotajwa, mbwa huyo naye huhesabiwa. Na katika Suratul Maida, aya ya 4, tumehalalishiwa windo lililokamatwa na wanyama tuliowafunza. Neno lililotumika hapo kwa wafunzaji, mukallibin, limetokana na neno kalb, yaani mbwa. Aya hiyo hiyo inaieleza elimu tunayomfundishia mnyama huyo kuwa ni sehemu ya elimu aliyotufundisha Mwenyezi Mungu mwenyewe.

Hapa pana mazingatio makubwa. Windo aliloliua mbwa aliyefunzwa, aliyetumwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, ni halali kuliwa. Windo aliloliua mbwa asiyefunzwa si halali. Wote wawili ni mbwa, na kilichowatenganisha ni elimu. Mafakihi wetu wameweka sharti za mbwa kuhesabiwa kuwa amefunzwa: aende anapotumwa, asimame anapozuiwa, asile alichokikamata, na mambo hayo yakariri hadi ithibiti kuwa amejifunza. Mtume (S.A.W.) alimweleza Adiyy bin Hatim (R.A.) kwamba mbwa akila katika windo lake, basi amejikamatia mwenyewe. Mbwa anayeweza kujizuia na nyama iliyo kinywani mwake amepata malezi ya subira na ya siku nyingi.

Ama katika Hadithi, imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mwanamke kahaba katika Bani Israil alimwona mbwa akizunguka kisima, anakaribia kufa kwa kiu. Akavua kiatu chake, akamtekea maji, naye akasamehewa. Imepokewa pia kisa cha mtu aliyeshuka kisimani na kukijaza maji kiatu chake kwa ajili ya mbwa aliyekuwa akilamba mchanga kwa kiu. Maswahaba walipouliza iwapo kuna malipo katika kuwatendea wema wanyama, Mtume (S.A.W.) aliwajibu kuwa yapo malipo katika kila kiumbe kilicho hai. Na upande wa pili tunamkumbuka mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha na bila ya kumwachia ajitafutie. Ajipime mwenye kumfunga mbwa mnyororo na kumsahau: yuko upande gani wa visa hivi?

Wapo watakaosema: "Lakini Mtume (S.A.W.) aliamrisha mbwa wauawe." Amri hiyo ilitolewa Madina, kisha yeye mwenyewe akaizuia, kama alivyopokea Imamu Muslim, na akaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo na mashamba. Aliyebaki katika hukumu ya kuuawa ni mbwa mwenye kudhuru watu. Wengine watasema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na kwamba mwenye kufuga mbwa bila ya haja hupunguziwa thawabu zake kila siku. Hayo nayo ni sahihi, na ndiyo maana hatumhimizi yeyote afuge mbwa kwa fahari au kwa kuiga. Asiye na haja naye asifuge. Lakini mwenye haja akishamfuga amejitwika amana, na amana ina haki zake.

Haki hizo zimeandikwa zamani. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262 Miladia, ameziorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu: mnyama alishwe kwa kadiri ya jinsi yake, hata akizeeka au akiugua na kuwa hana tena faida, asibebeshwe asichokiweza, asiwekwe pamoja na mwenye kumdhuru, na atengenezewe mahali pazuri pa kulala. Zaidi ya karne saba baadaye, mwaka 1979, baraza la ustawi wa mifugo la Uingereza liliorodhesha uhuru wa aina tano kwa wanyama: wasipate njaa na kiu, wasikose makazi ya kufaa, wasipate maumivu na maradhi, wasizuiwe tabia zao za kimaumbile, na wasiishi katika hofu. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Hivyo basi, mwenye kumtesa mbwa wake ana kesi kwa sharia na kwa sheria.

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Mbwa hujifunza kwa kuunganisha tendo na kinachofuata papo hapo. Akikaa ulipomwambia "kaa", ukamtupia kipande cha chakula katika sekunde hiyo hiyo, amejua kilichomletea chakula. Ukimpiga jioni kwa kiatu alichokitafuna asubuhi, hajui kabisa kosa lake. Anachojifunza ni kwamba mkono wako unaumiza. Kwa hiyo neno la amri liwe moja na fupi, na nyumba nzima ilitumie hilo hilo. Somo liwe la dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku. Akifanya sawa alipwe, na akikosea asilipwe, kisha ajaribiwe tena. Na kwa kuwa chakula hurushwa na sifa hutolewa kwa sauti, njia hii haimlazimu mwalimu kumgusa mbwa wala kulambwa naye. Mwenye kuchunga udhu wake anaiweza vizuri kuliko njia ya bakora.

Mwenye shaka na aitazame Morogoro. Shirika la APOPO, lililoko katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, limekuwa kwa miaka mingi likiwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Hawapigwi. Panya akipatia husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Ikiwa panya hufundishika kwa upole hadi akaokoa roho za watu, mbwa atashindwaje?

Ama hoja ya kwamba kipigo humfanya mbwa awe mlinzi bora, hiyo ni hoja ya kujidanganya. Mbwa aliyelelewa kwa kipigo na mnyororo huishi kwa woga, na mwenye woga huuma bila ya kuchagua: leo mwizi, kesho mtoto wa jirani, keshokutwa mzee anayepita kwenda kuswali alfajiri. Wahenga walisema, umleavyo ndivyo akuavyo. Kitoto cha mbwa kikizoeshwa kuona watu, watoto na vyombo vya moto tangu wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili, hukua kikijua kumtenga mgeni na adui. Na mbwa anapobana mkia, anapolaza masikio au anapounguruma, anatoa onyo. Asipigwe kwa kuunguruma, kwani atakayefunzwa kunyamaza ataanza kuuma bila ya kuonya.

Mahitaji yake ya kila siku si makubwa. Maji safi yawepo wakati wote, kwani mbwa hatoki jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na joto la kwetu laweza kumwua. Apate kivuli, banda kavu, na muda wa kutembea na kunusa. Ugali wenye dagaa au utumbo uliopikwa unamfaa kuliko makombo yaliyochacha. Mifupa iliyopikwa isitolewe, maana hupasuka na kumchana tumbo, na vitunguu ni sumu kwake. Apewe dawa ya minyoo na atolewe kupe. Chombo chake kiwe mbali na vyombo vya nyumbani. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, kwa kauli ya mafakihi wetu hakuna najisi inayohama. Kukiwa na umajimaji, udongo na maji vipo. Tohara yetu haina taabu ya kutufanya tuwe makatili.

Lililo kubwa kuliko yote ni chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na kiasi cha asilimia 40 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Takriban wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, tiba haipo. Lakini kinga ipo: wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Kuwapiga risasi au kuwatilia sumu mbwa wa mitaani hakukati, kwa sababu wengine huja kuchukua nafasi yao, waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, na wenye mbwa huwaficha. Na aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kudungwa sindano za kinga. Asingoje, wala asipake majani.

Mtoto anayerusha jiwe ndiye anayeumwa. Tukimfundisha huruma, tunaulinda pia mwili wake.

Kwa hiyo tunatoa wito. Walimu wa madrasa wawasomeshe watoto Hadithi ya mbwa mwenye kiu sambamba na mlango wa najisi, ili wasitoke na nusu ya elimu. Wazazi walio barazani wamkemee mwenye jiwe. Maimamu watangaze msikitini siku ya chanjo inapofika, hasa karibu na Septemba 28, ambayo huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Halmashauri zipeleke chanjo mitaani kabla ya kupeleka bunduki. Na mwenye mbwa, akisharudi kutoka swala ya Ijumaa leo, akitazame kile chombo cha maji na urefu wa ule mnyororo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azilainishe nyoyo zetu, aturehemu kama tunavyowarehemu viumbe wake, na atukinge na dhulma tuijuayo na tusiyoijua. Amin.

Wabillahi tawfiq.