Bastola shambani: ala peke yake haitulindi

Vijana wa makanisa yetu wanauliza: kwa nini mkulima wa Marekani aende shambani na bastola kiunoni, na mkulima wa Beni, Irumu ao Mambasa aende na jembe tu? Swali si la mchezo. Waasi wa ADF wamewaua wandugu zetu wengi wakiwa kwenye mashamba yao. Anayeuliza hivyo mara nyingi amekwisha kuzika mtu.

Kule Marekani, sheria inamruhusu raia kuwa na bastola. Anayetengeneza ua ao kuchunga ng'ombe anaibeba kwa ajili ya nyoka ao mnyama mwenye kichaa. Lakini mwenye akili haiingizi tu mfukoni. Anachagua ala ngumu ya ngozi ao ya plastiki, inayofunika kabisa pahali kidole kinapovuta, yenye kifungo cha kuishikilia anapoinama, na mkaba wenye nguvu. Bila hiyo, tawi ao nguo inaweza kuvuta risasi ikampiga mwenyewe, ao bastola ianguke na kuokotwa na mtoto.

Kwetu hali ni nyingine. Sheria ya mwaka 1985 kuhusu silaha inadai ruhusa ya serikali. Sheria ya 2023 iliyoanzisha jeshi la akiba haikumpa kila mkulima bunduki. Tena, adui wetu si nyoka. Anakuja kwa kikundi, na bunduki za vita, akiwa amejificha. Bastola moja haimzuii. Zaidi ya hayo, mkulima mwenye silaha anaweza kudhaniwa kuwa mpiganaji, na wanajeshi ao na waasi, na kijiji chake chote kikashukiwa naye. Na vita vikiisha, silaha inabaki nyumbani, ikingoja ugomvi wa mpaka wa shamba.

Wengine wanataja Nehemia sura ya 4: wajenzi walifanya kazi na upanga kiunoni. Ni kweli. Lakini tusome sura yote. Nehemia alikuwa liwali mwenye ruhusa ya mfalme. Watu walipangwa kwa zamu, mpiga tarumbeta alikuwa karibu naye, na usiku walilala ndani ya mji. Kilichowalinda ni mpango wa pamoja, si upanga wa mmoja mmoja.

Hapo makanisa yana kazi. Waamini waende mashambani kwa vikundi, kukiwa na wanaochunguza njia. Ishara ya hatari ijulikane na wote, na wajane wasiachwe kwenda peke yao. Na kwa kuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, tuna haki ya kuwauliza wakubwa, bila matusi na bila woga: nani analinda njia za mashamba wakati wa mavuno ya kakao?

Kati yetu kuna polisi, wanajeshi na walinzi wa mbuga wanaobeba silaha kwa kazi yao. Kwao shauri la ala ni la lazima: silaha ifunikwe, na nyumbani ifungiwe mbali na watoto. Petro naye, katika Yohana 18, aliamriwa kurudisha upanga alani. Alikuwa na nia ya kumlinda Bwana, lakini aliyeumia alikuwa mtumishi tu, Malko.