Tour du Rwanda yaanza Jumapili: macho kwa Henok, na kwa barabara ya Rubavu

Jumapili hii, Februari 23, 2025, mbio za baiskeli za Tour du Rwanda zinaanza Kigali, na zitamalizika hapo hapo Kigali Jumapili ya Machi 2. Ni siku nane mfululizo, bila siku ya mapumziko. Tangu tutangaze kwamba tutazifuatilia, maswali tunayopata kwa simu na ujumbe mfupi ni mawili tu. Je, mbio zitafanyika kweli, kwa hali ilivyo Goma na Bukavu? Na zikifanyika, nani atashinda?

Swali la kwanza lina jibu fupi: waandaaji wanasema ratiba iko palepale. La pili linahitaji maelezo, na ndiyo sababu ya makala hii.

Tuanze na jinsi mshindi anavyopatikana, maana wasikilizaji wengi hufikiri anayefika wa kwanza mara nyingi ndiye bingwa. Sivyo. Kila siku ni hatua moja, na muda wa kila mwendeshaji unaandikwa. Muda wa siku zote unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayevaa jezi ya njano. Mtu anaweza kushinda hatua tatu na bado asiwe bingwa, kama siku moja mlima ulimshinda akapoteza dakika tano. Mwingine anaweza kuchukua taji bila kushinda hatua hata moja, ilimradi kila siku afike pamoja na wakubwa.

Jambo la pili ni upepo. Anayepanda nyuma ya mwenzake anakingwa upepo na hutumia nguvu kidogo sana kuliko aliye mbele. Kwa hiyo kwenye barabara tambarare timu yenye watu wengi wenye nguvu hukaa mbele, huweka mwendo, na kumfikisha kiongozi wake mwisho wa safari akiwa hajachoka. Mlimani mambo hubadilika. Aliyewahi kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda vilima vyetu vya Kagera anajua kwamba pale upepo si tatizo tena. Tatizo ni uzito wako na mapafu yako. Rafiki hakusaidii sana.

Rwanda ni vilima mwanzo mpaka mwisho. Kigali yenyewe iko kwenye mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, na barabara za kaskazini na magharibi hupanda juu zaidi. Tena timu za huku huwa na waendeshaji wachache kuliko wale wanane wa Tour de France. Timu ndogo, vilima vingi, hewa nyepesi: hakuna anayeweza kuzifunga mbio hizi akazitawala tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana mara nyingi taji huamuliwa kwa sekunde chache, na ndiyo maana sisi tunasema ni mbio zinazodharauliwa bure. Ulaya huziona kama mazoezi ya mwanzo wa msimu. Lakini hebu tazameni waliopita hapa.

Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alishinda mwaka 2010. Miaka mitano baadaye alikuwa kwenye Tour de France, na akavaa kule jezi ya mfalme wa milima. Mwenzake Merhawi Kudus, aliyekuwa naye Ufaransa mwaka huo wa 2015, alikuja kushinda Rwanda mwaka 2019. Mwaka jana bingwa alikuwa kijana Mwingereza, Joseph Blackmore, ambaye wengi hawakuwa wamemsikia. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshinda pia Tour de l'Avenir, mbio kubwa za vijana duniani, ambazo timu kubwa huzitumia kutafuta nyota wa kesho. Kwa hiyo anayetaka kujua nani atasikika Ulaya mwaka kesho na keshokutwa, aanze kumtafuta wiki hii kwenye vilima vya jirani zetu.

Na wana wa Afrika Mashariki wamo katika historia hii. Chris Froome, bingwa mara nne wa Tour de France, alizaliwa Nairobi na kujifunza baiskeli Kenya. Alikuja kushiriki Rwanda mwaka 2023. Mkenya Suleiman Kangangi naye alipanda vilima hivi na kujijengea jina, kabla ya kufariki katika mbio za Vermont, Marekani, Agosti 2022. Watanzania bado tunatazama tukiwa upande wa pili wa daraja la Rusumo. Hilo tunaliacha kwa siku nyingine, lakini linatuuma.

Sasa njia yenyewe. Jumapili ni mbio fupi za kupambana na saa, kila mtu peke yake, eneo la uwanja wa Amahoro. Hapo tofauti zitakuwa ndogo. Jumatatu wanatoka Rukomo hadi Kayonza, mji ambao madereva wetu wa malori wanaoingia kwa Rusumo wanaujua vizuri. Mashariki kuna unafuu kidogo, na wenye kasi watapata nafasi yao. Jumanne ni kutoka Kigali kwenda Musanze, chini ya volkano.

Kuanzia Jumatano ndipo tutakapoacha kazi nyingine zote. Siku hiyo wanashuka kutoka Musanze hadi Rubavu, kando ya Ziwa Kivu. Alhamisi ni Rubavu hadi Karongi, barabara ya kona na vilima isiyompa mtu pumzi. Ukiachwa pale, kuwafikia tena wenzako ni kazi ngumu, kwa sababu kila unapoona mgongo wa aliye mbele anapotea kwenye kona nyingine. Ijumaa wanaanzia Rusizi, wanapanda msitu wa Nyungwe ambako barabara inapita zaidi ya mita 2,400, kisha wanaelekea Huye. Kwa maoni yetu, jezi ya njano itapatikana katika siku hizi tatu. Jumamosi wanarudi Kigali kutoka Nyanza, na Jumapili wanamalizia katika mitaa ya Kigali, jiji ambalo Septemba litapokea mashindano ya dunia ya baiskeli, ya kwanza kabisa kufanyika barani Afrika.

Lakini tazama tena majina ya miji hiyo ya katikati. Rubavu imepakana na Goma. Ni mtaa na mtaa. Rusizi inatazamana na Bukavu, mto tu katikati. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari. Bukavu ikafuata mwishoni mwa wiki iliyopita. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema jeshi la Rwanda liko nyuma ya M23. Rwanda inakana, na inasema inajilinda dhidi ya FDLR. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za SADC walikutana Dar es Salaam Februari 8 wakataka mapigano yasimame mara moja. Hayajasimama. Na sisi huku hatuzungumzii vita vya mbali: JWTZ ilitangaza mapema mwezi huu kwamba askari wetu wawili wamepoteza maisha huko Congo.

Kwa hiyo tunawaelewa wasikilizaji wanaotuuliza kwa nini tunazungumzia baiskeli wakati watu wanakimbia na magodoro kichwani. Tunazungumzia kwa sababu mambo haya mawili yanapita barabara moja wiki hii. Timu ya vijana ya Soudal Quick-Step ya Ubelgiji imejitoa kwa hofu ya usalama. Bunge la Ulaya limetaka mashindano ya Septemba yaondolewe Kigali kama Rwanda haitabadili msimamo wake. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, linasema mpango wa Kigali haujabadilika. Hivyo wiki hii ni mtihani. Ikipita salama, Kigali itakuwa na hoja ya kuonyesha. Likitokea lolote Rubavu au Rusizi, hata lisilo la risasi, hata msafara kusimamishwa saa moja tu, Septemba itakuwa mashakani, na bara zima litaambiwa kwamba halikuwa tayari. Hilo litawaumiza zaidi vijana wa Eritrea, Ethiopia, Kenya na Rwanda yenyewe, ambao hawakuanzisha vita na hawana uwezo wa kuvizima.

Kimichezo pia, kujitoa kwa timu moja si jambo dogo. Timu za vijana za Ulaya ndizo hufanya kazi ya kuwafukuza wanaochomoka mapema. Wafukuzaji wakipungua, anayethubutu ana nafasi kubwa zaidi ya kufika peke yake.

Basi nani? Chaguo letu la kwanza ni Henok Mulubrhan wa Eritrea. Alishinda hapa mwaka 2023, amekuwa bingwa wa Afrika zaidi ya mara moja, na ana silaha ambayo wapandaji wengi wa milima hawana: mkifika watu kumi pamoja kwenye mstari, yeye ana kasi. Washindi wa kila hatua huzawadiwa sekunde za kupunguza muda wao, na katika mbio za sekunde chache hizo ni fedha taslimu. Tena tangu mbio hizi zipandishwe daraja mwaka 2019, kati ya mataji sita Eritrea imechukua manne: Kudus, Natnael Tesfatsion mara mbili, na Henok. Asmara iko juu kuliko Kigali. Hewa nyepesi kwao ni hewa ya nyumbani.

Tatizo la Henok ni kwamba kila mtu anamjua. Hataachiwa achomoke hata mita mia. Hapo ndipo tunawaona Wafaransa wa TotalEnergies. Timu yao iliwahi kushinda hapa mwaka 2021 kwa Mhispania Cristián Rodríguez, na wana watu wazima wanaojua kusubiri. Wakiwa na wawili kati ya watano wa juu ifikapo Alhamisi, wanaweza kumtuma mmoja barabara ya Karongi na kumwacha Henok ahangaike kumfukuza. Sisi tungekuwa makocha wao, ndivyo tungefanya. Israel-Premier Tech, timu ya Blackmore, nayo huja na vijana wenye njaa. Usishangae jina jipya likitokea huko.

Na Wanyarwanda? Walishinda miaka mitano mfululizo, kuanzia Valens Ndayisenga mwaka 2014 hadi Samuel Mugisha mwaka 2018. Tangu daraja lipande, hawajapata tena taji. Moise Mugisha alikuwa wa pili mwaka 2020, na mwaka 2022 alishinda hatua ya mwisho Kigali, umati ukamwimbia. Hatudhani jezi ya njano itabaki nyumbani mwaka huu. Hatua moja, ndiyo, na tunaipa nafasi zaidi Jumapili ya mwisho, kwenye mawe ya Ukuta wa Kigali, kile kilima kifupi cha mtaani ambako watu hujaa pande zote mpaka mwendeshaji hasikii pumzi yake mwenyewe.

Mkumbuke kwamba saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja: wakisema wanaondoka saa nne asubuhi, kwetu ni saa tano. Tutasoma msimamo wa jumla kila jioni baada ya taarifa ya habari, pamoja na hali ya mpaka. Walio mbali na mtandao, au wasio na kifurushi, wasubiri hapo.