Wacha Kununua Sensa, Shika Paipu Kwanza

Wasee wa Subaru, leo mtanikasirikia, lakini lazima niseme. Sensa nyingi mnazotupa hazikuwa na shida yoyote. Mlizinunua kwa sababu hakuna mtu alifungua boneti akatumia vidole.

Bro yangu alileta Legacy B4 ya 1999, ile ya tabo mbili, hapa kwetu Muhuru Bay. Ikaanza mchezo. Ukisimama, injini inapanda na kushuka kama inataka kuzima, na breki imekuwa ngumu. Tukaipeleka Migori. Fundi akachomeka mashine, mashine ikasema hewa ni nyingi, petroli ni kidogo. Akasema ni sensa ya hewa. Tukanunua. Halafu plagi. Halafu pampu ya petroli. 41,000 imeenda, gari ni ile ile. Na breki je? "Badilisheni pedi."

Siku moja bro akiteremka kwenda ufuoni, alikanyaga breki ni kama amekanyaga jiwe. Akina mama wa omena walikuwa wanavuka na mabeseni kichwani. Ilibidi aingize gari kwa mtaro. Hakuna aliyeumia, lakini mimi nilikuwa ndani, na hiyo kitu sijasahau.

Aliyetusaidia ni mzee wa boti. Kila asubuhi kabla aingie majini, anafinya ile balbu ya mpira kwa paipu ya petroli. Isipokuwa ngumu, anajua kuna mahali hewa inapenya, na anafuata paipu kwa vidole kutoka tangi hadi injini. Haendi kununua pampu. Injini ikimzimikia huko njia ya Migingo, nani atamsukuma? Alituangalia tu akauliza, "Nyathina, mmeshika paipu?"

Hatukuwa tumeshika. Ile paipu nene ya kutoka manifoldi kwenda kwa servo ya breki ilikuwa na ufa chini ya klipu. Paipu mpya na klipu mbili, 600.

Sikiza vile inafanya. Sensa inahesabu hewa inayoingia, kompyuta inatoa petroli ya hewa hiyo. Hewa ikipenya kwa ufa huko mbele ya sensa, haijahesabiwa, kwa hivyo petroli inapungua na injini inayumba. Servo nayo inatumia mvuto huo huo wa injini kuusaidia mguu wako. Ukivuja, mguu unabaki peke yake.

Tabo mbili ndiyo kabisa. Tabo ya pili inaamshwa na valvu zinazoendeshwa na msitu wa paipu nyembamba. Moja ipasuke, ama irudishwe pahali si pake, gari inalala ukifika 4,000 na kitu, na wewe unalaumu tabo. Hizi gari ziliacha kutengenezwa 2003. Hiyo raba imepikwa na joto zaidi ya miaka 20, ulitarajia nini?

Kwa hivyo, injini ikiwa baridi na imezimwa, piga picha kwanza. Pinda kila paipu. Ikiwa kavu kama kijiti ama ina nyufa, badilisha, moja baada ya nyingine. Kisha washa, sikiza mlio wa "sss". Ya breki, zima injini, kanyaga mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, ishikilie chini, halafu washa. Lazima ishuke kidogo. Isiposhuka, hiyo gari isitoke kwa boma.

Na fundi akitaka kumwagia injini moto petroli eti anatafuta mahali inavuja, chukua funguo yako uende.

Mtaniambia fundi ndiye anajua. Kuna mafundi hodari, nawaheshimu. Lakini mwenye anakuuzia sensa kabla hajagusa paipu hata moja, anabahatisha na pesa yako. Sisi nasi tuache uongo. Egzosti ya kupiga kelele tunapata pesa yake, lakini paipu ya 600 inatushinda, na tukikimbia ni kwa barabara ile ile mama zetu wanavuka.

Kesho asubuhi fungua boneti. Halafu niambie hapa chini umepata ngapi zimepasuka.