Simu za Afya Ziwaamkie Wazee Wetu

Mwaka huu nimeona nichukue kalamu nitoe maoni kuhusu jambo ambalo sisi vijana hulipita tu kana kwamba halituhusu. Jambo lenyewe ni simu na afya ya wazee wetu.

Siku hizi matibabu yamehamia simuni. Watu hujiandikisha kwa simu, hulipa kwa simu, hukumbushwa siku ya kliniki kwa simu, na wengine huhesabiwa na simu hata hatua wanazotembea. Ni maendeleo, sikatai. Lakini msimamo wangu ni huu: huduma ya afya ambayo mzee hawezi kuitumia peke yake si yake. Hiyo ni ya mjukuu wake.

Kwanza, wazee si wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya kama milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wengi wana presha au kisukari, magonjwa yanayotaka dawa kila siku, hata siku mtu anajihisi mzima kama chuma. Kwa hivyo simu inayokumbusha ingewafaa wao kuliko sisi.

Kuna wanaosema ati wazee hawawezi teknolojia. Huo ni uongo mtupu! M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hakuna mzee aliyepelekwa shule kufunzwa. Leo bibi kizee hupokea pesa, huficha namba yake ya siri na huuliza salio bila kumwita mtu. Aliweza kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa rahisi, kilimfaa, na kiliingia katika simu aliyokuwa nayo, ile tunayoiita kabambe au mulika mwizi. Basi mzee akishindwa na huduma ya afya, tusimlaumu yeye. Tumlaumu aliyeiunda.

Hebu nitoe mfano wa nyumbani. Nyanya yangu ana presha na simu yake ni kabambe. Ujumbe wa kliniki humfikia asubuhi kwa Kiingereza. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, natoka alfajiri narudi jioni, na simu shuleni ni marufuku. Ujumbe hunisubiri mchana kutwa. Wakati mwingine ni namba ya siri ya muda, ambayo huisha baada ya dakika chache. Nikifika nyumbani, imekwisha zamani. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Je, anayetegemea macho ya mjukuu?

Wengine watanijibu kwamba kusaidia wazee ni desturi yetu. Ni kweli, na tutaendelea. Lakini mzee naye ana siri zake. Nyanya akiwa na shida ya mkojo, ni haki mimi mjukuu wake wa kiume niwe wa kwanza kuisoma? Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima. Heshima ni pamoja na kujua ugonjwa wako kabla ya watoto.

Jambo lingine ni saa. Ujumbe ukisema kliniki ni saa 8:00, mwandishi alimaanisha saa mbili asubuhi. Mzee anasoma saa nane! Anafika mchana, foleni imekwisha na daktari ameondoka. Nauli imeenda bure. Kosa dogo la kuandika saa kwa namna ya Kiingereza linaweza kumnyima mtu dawa za mwezi mzima.

Tena kuna mwili wenyewe. Kuanzia miaka kama 40, lenzi ya jicho huwa ngumu na herufi ndogo hazisomeki. Masikio hupoteza kwanza zile sauti nyembamba. Vidole vilivyokauka au vyenye sugu ya jembe haviitikiwi vizuri na simu ya kugusa kioo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wengi wanaounda programu hizi ni vijana.

Je, yawezekana kuunda kitu rahisi? Naam, na kilishafanyika hapa hapa Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet ulihusu wagonjwa 538 wa kliniki za Nairobi na Kajiado, waliokuwa wakianza dawa za virusi vya Ukimwi. Nusu yao walitumiwa ujumbe kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Mwenye shida, au aliyenyamaza kwa siku mbili, alipigiwa na mhudumu. Waliosema wanameza dawa barabara walikuwa asilimia 62 kati ya waliotumiwa ujumbe, na asilimia 50 kati ya wengine. Hakukuwa na programu ya kupakua wala simu mpya ya kununua.

Wale hawakuwa wazee hasa, lakini somo ni lile lile. Kwa wazee tubadilishe machache. "Mambo?" si salamu ya kumpa nyanya. Simu yake ilie, sauti nzito ya taratibu imwamkie kwa lugha yake ya nyumbani, imuulize ameamkaje na kama amemeza dawa. Abonyeze 1 akiwa salama, 2 akiwa na shida, na akibonyeza 2 apigiwe na mtu, si mashine. Saa itajwe kwa Kiswahili. Na asikatwe kredo hata senti moja.

Mwisho, nawageukia wenzangu mnaosoma somo la Kompyuta. Kesho ninyi ndio mtakaounda vitu hivi. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, keti na mzee mmoja, umpe simu, unyamaze, utazame kidole chake kinakwama wapi. Pale kinapokwama, hapo ndipo kazi yako ianzie.



Mwanachama, Kidato cha Tatu