Kivu ya Kaskazini si picha ya kalenda



Ukimwuliza mwanafunzi wa Kindu ataje mahali pazuri pa kutembelea katika inchi yetu, hatataja hata siku moja Lualaba anayoiona kila asubuhi. Atasema: Goma, ziwa Kivu, mlima Nyiragongo, mbuga ya Virunga pamoja na gorila wake. Orodha hiyo tumeikariri vizuri. Siku ya mtihani tunaiandika upesi, tunapata pointi zetu, basi. Maoni yetu ni kwamba kujifunza namna hii hakutoshi, tena kunadanganya.

Kuna wandugu wanaosema: « Matembezi ni mambo ya wazungu. Sisi tuko na njaa, milima ya watu wa Goma inatuhusu nini? » Hao tunawajibu kwa jeografia tu. Mpaka mwaka 1988 Maniema yetu ilikuwa ndani ya Kivu, jimbo moja na Goma na Bukavu. Na maji je? Ziwa Kivu linatoka kwa mto Ruzizi mpaka ziwa Tanganyika. Tanganyika linatoka kwa mto Lukuga, na Lukuga inaingia katika Lualaba katikati ya Kabalo na Kongolo. Kisha Lualaba inapita hapa mbele ya mji wetu. Wataalamu wanasema kwamba zamani sana maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Volkano zilipoinuka zikaziba njia, maji yakageuka. Bila ile milima ya moto hayangefika kwetu hata kidogo. Mtu anayeoga katika Lualaba hawezi kusema Kivu haimhusu! Tena wafinalisti wetu wangapi wanaota kwenda kusoma ULPGL, chuo kikuu cha Waprotestanti kule Goma?

Uzuri upo, hatuukatai. Nyiragongo inafika meta 3.470, na mara nyingi usiku mawingu ya juu yake yanakuwa mekundu sababu ya moto ulio ndani. Ziwa liko meta 1.460 juu ya bahari, kisiwa cha Idjwi katikati yake, na halina mamba. Sisi wa Lualaba, ambao mama zetu walitufundisha kuogopa mamba tangu utoto, tungeruka ndani mara moja.

Lakini mbele ya kuruka, sherti tuulize wenyeji. Upande wa Goma na Sake, hata kandokando ya ziwa, kuna kitu wanachokiita mazuku. Ni gazi ya kaboni inayotoka katika udongo. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mabondeni na mashimoni, zaidi asubuhi mapema kama hakuna upepo. Haina rangi. Mbuzi anashuka kula majani, anaanguka. Mtoto anamfuata kumtoa, naye anaanguka. Wenyeji wanajua mahali pake, mgeni hajui. Na chini kabisa ya ziwa kuna gazi hiyohiyo nyingi sana, pamoja na metani ambayo upande wa Rwanda wanaichota ili kufanya umeme. Ziwa dogo la Nyos, kule Kameruni, lilitoa gazi yake usiku mmoja wa mwaka 1986, wakafa watu karibu 1.700. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi mno.

Moto nao si wa kutazama tu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ulishuka, ukapita katikati ya mji wa Goma, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ukaingia ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ukashuka tena. Watu wamejenga juu ya mawe yaleyale meusi, maana waende wapi?

Kuna pia Lac Vert, ziwa dogo la rangi ya majani, magharibi ya Goma, linalosifiwa sana kwa watalii. Kandokando yake walijaa wakimbizi wa vita, na tarehe 3 mwezi wa tano 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga. Watu walikufa, na watoto walikuwa kati yao. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 Goma yenyewe ikaingia mikononi mwa M23. Mwanafunzi anayeandika « Lac Vert » na kupata pointi moja, amejua nini? Na mbuga ya Virunga, ya kwanza katika Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925: gorila wake tunawataja wote, lakini walinzi zaidi ya 200 waliokufa kazini hakuna anayewauliza mtihanini.

Basi tunaomba hivi. Kati yetu kuna wandugu waliotoka huko. Badala ya kucheka Kiswahili chao, tuwasikilize. Mwalimu wa jeografia atupatie saa moja siku ya Posho, na Bwana Prefe aturuhusu kutumia sala kubwa. Wao wataonyesha wapi wanachota maji, wapi mtoto hakatazwi kucheza, wapi anakatazwa. Asiyependa kusema asilazimishwe, maana wengine wameacha watu kule.

Kwa ramani, ukipima na rula kutoka Kindu mpaka Goma, hazifiki kilometa 400. Ile ya ukutani imepasuka upande wa mashariki, kwa hiyo wawili kati yetu watachora Kivu upya kwa chaki, Ijumaa nyuma ya masomo. Mwenye chaki za rangi azilete.