Ajaili si karatasi za rangi ukutani

Umewahi kukosea tarakimu moja tu, kodi ya nyumba ikaingia kwenye laini ya mtu usiyemjua? Unatupigia simu mikono ikitetemeka. Na kwa muda mrefu, kusema kweli, jibu letu lilikuwa lile lile: tumepokea ombi lako, tafadhali subiri.

Tukwambie kilichokuwa kikiendelea ukisubiri. Aliyepokea simu yako alijaza fomu. Fomu ikaingia kwenye foleni ya dawati la pili, ambao walihakiki muamala kisha wakaipeleka dawati la tatu. Kama kulikuwa na kitu kimekosekana, fomu ilirudi mwanzo. Hakuna aliyekuwa mvivu. Kila dawati lilifanya kazi yake, tena vizuri. Shida ni kwamba aliyepokea pesa zako hakuwa kwenye foleni yoyote. Yeye alikuwa njiani kuelekea kwa ajenti.

Ndiyo maana leo tunataka kuongea kuhusu ajaili, hata kama jina lenyewe linasikika kama la watu wa kompyuta. Ni kweli lilianzia huko. Mwaka wa 2001 watu 17 wa kutengeneza programu walikutana Snowbird, Utah, kule Marekani, wakaandika ilani fupi. Kwa maneno yetu: fanya kazi kidogo kidogo, mwonyeshe mteja mapema, na mambo yakibadilika usiogope kubadilisha mpango.

Lakini hata hapa Kenya tunao mfano. M-Pesa ilipojaribiwa 2005 kwa wateja wachache wa Nairobi na Thika, wazo lilikuwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaanza kuitumia kwa mambo yao mengine, ikiwemo kutumiana pesa. Waliokuwa wakiendesha jaribio wangeweza kusema, hapana, hii ni ya mikopo. Badala yake walitazama watu wanafanya nini, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Sidhani kuna mtu alihitaji karatasi za rangi kuliona hilo.

Maoni yetu ni haya: kampuni nyingi zinapotaka ajaili katika shughuli za kila siku, zinanunua sehemu isiyo na maana. Vyeo vipya, mikutano ya asubuhi watu wakiwa wamesimama, ukuta uliojaa vikaratasi vya manjano. Sisi pia tulianza hivyo, tusijifanye. Tulisimama dakika 15 kila asubuhi, kila mtu akaeleza alichofanya jana, kisha tukarudi kwenye madawati yale yale matatu. Foleni haikusonga hata inchi.

Ilisonga tulipowaketisha watu wa madawati hayo matatu kwenye meza moja na kumpa anayepokea simu uwezo wa kushikilia pesa hapo hapo, kabla uchunguzi haujaanza. Si kuzirudisha, ni kuzishikilia tu zisitolewe. Tulijaribu kwa wiki mbili, kwa sehemu ndogo ya simu zinazoingia, halafu tukakaa chini kuangalia.

Na tulichokiona hakikuwa kizuri chote. Muuza mitumba mmoja alitupigia akiwa na hasira, na alikuwa na haki. Mteja alichagua nguo, akalipa, akaondoka nazo, kisha akatuambia ametuma pesa kimakosa. Sisi, kwa ule wepesi wetu mpya, tukashikilia pesa za mama wa watu. Nguo zimeenda, pesa hazitumiki, na kesho anatakiwa arudi sokoni kuchukua mzigo mwingine. Tulizifungua baada ya kuongea naye, lakini siku yake ilikuwa imeshaharibika.

Sasa malipo yanayoingia kwa mfanyabiashara hayashikiliwi kabla ya kumpigia kwanza. Tungefanya mabadiliko kwa mtindo wetu wa zamani, yaani kwa wateja wote siku moja halafu tathmini mwisho wa mwaka, walaghai wangetumia mwanya huo miezi na miezi. Hiyo ndiyo faida ya kwenda kidogo kidogo. Hata hivyo hatutamwambia mama yule kwamba alikuwa sehemu ya jaribio lililofaulu.

Kuna hatua ambazo hatutaki mtu aziharakishe, hata akija na vikaratasi vya rangi gani. Kuhakikisha anayeomba pesa zirudi ndiye mwenye laini. Kumsikiliza aliyepokea. Ukaguzi unaotakiwa na sheria ya 2009 ya kupambana na utakatishaji wa fedha. Tunachopunguza ni ule muda fomu yako imelala mezani bila mtu kuigusa. Ukaguzi wenyewe unabaki, na bosi yeyote anayechanganya hayo mawili atawaumiza wateja wake.

Upande wako, soma jina la mpokeaji kabla hujaweka PIN. Ukikosea, piga simu papo hapo ukiwa na namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu kwenye ujumbe wako. Na mtu asiyejulikana akikupigia kwamba amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie mwenyewe. Angalia salio kwanza, kisha mwambie apitie kwetu, maana ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza.

Jaribio letu la sasa ni ujumbe unaokueleza ombi lako limefika kwa nani na nini kinafuata, badala ya lile "tafadhali subiri". Baadhi yenu mtaupata wiki hii. Ukiusoma na kuna neno hulielewi, tujibu utuambie ni lipi, tutalibadilisha.